Ukurasa wa Saba

Ofisi yangu ni chumba cha juu, Langoni,
meza imeegemea tangi la maji
kwa kuwa hapo ndipo mtandao unapokubali kupanda.
Wekulo, toka Nairobi, amenitumia kazi:
kurasa saba za mipangilio ya akaunti
za wale wachezao karata usiku kwenye tovuti yetu.
"Zipange upya," kaandika. "Watu wanapotea."

Wanapotea kweli. Nimehesabu.
Kubadili picha, hatua mbili.
Kubadili nywila, hatua tisa.
Kudai pesa uliyokatwa kimakosa,
safari ya kwenda, kurudi majaliwa.
Na ukurasa wa kuchagua lugha
umeandikwa kwa lugha usiyoijua,
ndiyo maana ulikuwa unautafuta.

Siku tatu nikachora masanduku ya kijivu.
Ya nne Wekulo akasema, tafuta mtu ajaribu,
mtu wa kawaida, asiyejua mambo haya.
Nikavuka uchochoro kwa shangazi, Bi Barke,
mdarizi wa kofia za vito,
ambaye simu kwake, kwa nilivyojua,
ni ya salamu na kununulia umeme.

"Ndoo ukae." Akachomeka sindano kwenye ukosi,
akavuta miwani, akatazama kwa muda,
vile atazamavyo kofia iliyoshonwa na mwingine.
"Hiki *Hifadhi* na hiki *Futa*, nani kavibananisha?
Tundu likisogelea tundu, nguo hutatuka.
Na hiki cha kufuta
kisivae rangi ya harusi."

Nikaandika.

"Huku pembeni mbona mmejaza?
Kofia ina pahali pa kupumzikia mato."

Nikaandika hilo pia. Kisha kidole chake
kikashuka bila kuuliza njia,
ukurasa wa tatu, wa tano, wa saba,
chini kabisa, hadi ulipokuwa mstari mdogo
niliouondoa wiki ile ile
maana takwimu zilisema hakuna aufikiaye:
*Nani aone kuwa upo.*

"Kiko wapi kile cha kujifitia?"
Nimekitoa, nikasema. Hakitumiki.
"Hakitumiki na nani?"
Sauti haikupanda. Alichomoa sindano tu.

Hapo nikaanza kuhesabu, polepole, kama mjinga.
Shangazi huweka kofia chini saa nne usiku.
Saa nne na robo huingia ShupazaKavu,
asiye na picha wala umri,
asiyewahi kuwasha taa yake ya kijani,
aliyewafunga vijana wa mtaa huu mmoja mmoja,
aliyenifunga mimi mara kumi na moja mwezi wa Rajabu,
na sote tukaapa ni dereva wa lori, mtu wa Voi.

"Shangazi?"

"Sitaki mtu ayue.
Wakiyua ni mimi watanionea haya,
watanipa ushindi. Na ushindi wa kupewa
ni kofia ya cherehani."

Nyumba aliyozaliwa ina tekani:
ukipita mlango mkubwa unakutana na ukuta,
sharti ugeuke ndipo uone kiwanda.
Mjenzi alijua tu kwamba ndani mna watu.
Usiku ule nikafuta masanduku yangu yote
nikaanza na swali lile, mlangoni, kwa herufi nene,
hatua moja.

Wekulo akapiga. "Mbona umelipandisha? Takwimu..."
Nikamwambia takwimu haziwezi kumhesabu
aliyezima taa.
Kimya. Kikohozi. "Haya. Na hii rangi ya *Futa*?"
"Ya kofia iliyofuliwa sana."
Hakuelewa, lakini akapitisha.

Kurasa mpya zikafunguliwa Jumatatu.
Jumanne, saa nne na robo, nikaketi mezani.
ShupazaKavu: taa haiwaki.
Nilikuwa na wahedi wa kopa na turufu mbili,
nikaziteremsha kwa madaha, nikijua leo ni leo.

Ng'ambo ya uchochoro, dirisha likiwa wazi,
mtu akacheka,
kisha akajitia kukohoa.